Mwanamuziki Hazaliwi, Hufundishwa

Kuna hukumu moja ambayo huku kwetu Walikale, mashariki ya Kongo, hutolewa bila baraza, bila shahidi na bila rufaa. Mtoto akishika gitaa la bidoni akapatia nyimbo mbili tatu, wakubwa husema: huyu amezaliwa nayo, ana nyota. Mwenzake akikosea mara mbili, husema: huyu hakuandikiwa, aende zake machimboni. Kesi imekwisha. Wa kwanza hafundishwi kwa kuwa eti hana haja ya kufundishwa, na wa pili hafundishwi kwa kuwa eti hafundishiki. Wote wawili wamekosa mwalimu, nasi tunarudi nyumbani tukijiona wenye hekima.

Siku hizi imani hiyo imevikwa nguo mpya. Simu zimejaa majina ya mashuhuri waliozaliwa siku kama ya leo, na kijana aliyezaliwa Julai anajihesabu jamaa wa Franco, yule mpiga gitaa. Haya, tuikubali imani hiyo kwa muda, tuipime kwa kipimo chake yenyewe. Kama siku ya kuzaliwa ndiyo inayogawa kipaji, basi waliozaliwa siku moja na wafanane.

Franco Luambo Makiadi alizaliwa Sona-Bata, magharibi ya Kongo, tarehe 6 Julai 1938. Tarehe hiyohiyo, miaka 13 kabla yake, alizaliwa Mmarekani Bill Haley, ambaye mwaka 1954 alirekodi "Rock Around the Clock" na kuutangaza muziki wa rock duniani. Wote wawili walipiga gitaa, wote wakaongoza bendi. Si hayo tu: Haley alipokuwa mdogo alijikatia gitaa la karatasi ngumu, na Franco alijiundia la mkebe, nyuzi zake waya wa umeme uliochunwa. Mwenye kuamini nyota atapiga makofi hapo: si nilisema?

Asubiri. Tarehe 6 Julai alizaliwa pia mchoraji Frida Kahlo wa Mexico mwaka 1907, Dalai Lama wa Tibet mwaka 1935, na George W. Bush, aliyekuwa rais wa Marekani, mwaka 1946. Huyo Bush ndiye mpiga solo wa bendi gani? Dunia ina watu zaidi ya bilioni 8. Ukiwagawa kwa siku za mwaka, kila tarehe inapata watu kama milioni 22. Na wanahisabati walikwisha kuonyesha kwamba katika kundi la watu 23 tu, uwezekano wa wawili kukutana tarehe moja unapita nusu. Katika darasa la wanafunzi 50, na huku kwetu darasa la 50 ni la kawaida, uwezekano huo ni asilimia 97. Kushirikiana tarehe si muujiza. Ni hesabu ya darasa la sita.

Tazama badala yake nani alikuwa karibu na watoto hao wawili. Baba yake Haley alipiga banjo na mama yake alipiga kinanda; walipoona lile gitaa la karatasi walimnunulia la kweli. Franco alifiwa na baba, mfanyakazi wa reli, akiwa bado mdogo. Mama yake aliuza mikate ya kukaanga sokoni Ngiri-Ngiri, Léopoldville (Kinshasa ya leo), na mtoto akawa anapiga muziki mbele ya meza ili wateja wasogee. Lakini katika mtaa huo alikuwepo Paul Ebengo, aitwaye Dewayon, aliyemwonyesha mahali pa kuweka vidole. Akawepo Albert Luampasi, aliyemchukua katika bendi yake. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, mlango wa studio ya Loningisa ulimfungukia. Ilikuwa mali ya mfanyabiashara Mgiriki, Papadimitriou, na ndani yake alikuwemo mpiga gitaa mzoefu, Henri Bowane, aliyemsimamia na kumpa jina la Franco. Mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz, naye akaishi nayo hadi alipofariki Oktoba 1989. Mwalimu, bendi, studio, soko la kumsikiliza: hayo yote yalimjia kwa mikono ya watu.

Tusogee siku moja tu mbele. Tarehe 7 Julai 1939, Mikalayi, Kasai, alizaliwa mpiga gitaa Nicolas Kasanda, tunayemwita Docteur Nico. Tarehe 7 Julai 1940, Liverpool, alizaliwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles. Ringo alikuwa mtoto wa kulazwa. Akiwa na miaka sita alinusurika kifo kwa ugonjwa wa tumbo. Akiwa na miaka 13 alishikwa na kifua kikuu, akakaa muda mrefu hospitalini, na ni humo alimopewa kitu cha kugonga katika bendi ya wagonjwa. Nico alilelewa Léopoldville pamoja na kaka yake Charles Mwamba, aitwaye Déchaud, mpiga gitaa la kusindikiza. Akiwa kijana mdogo alikuwa tayari yumo katika African Jazz, bendi ya mwimbaji Kabasele, huku akiendelea na masomo ya ufundi mpaka akapata diploma mwaka 1957. Januari 1960 bendi hiyo ilikwenda Brussels wakati wa Meza ya Duara, mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo, na kutoka huko ukaja "Indépendance Cha Cha", wimbo ulioimbwa Afrika nzima. Ringo yu hai na ni tajiri. Nico alifariki Brussels mwaka 1985, miaka yake ya mwisho ikiwa ya dhiki. Tarehe moja, lakini mmoja alikuwa na mikataba na kampuni zilizomlipa, na mwingine alikuwa na sifa. Kama ni nyota, mbona iliwaka Liverpool ikazimika Kasai?

Waimbaji Sam Mangwana na Nina Simone nao wana siku moja, 21 Februari. Simone mwaka 1933 katika Carolina ya Kaskazini, Mangwana mwaka 1945 Léopoldville. Simone alianza kwa kupiga kinanda kanisani kwa mama yake mhubiri, kisha watu wa mji wake wakachanga fedha ili aendelee kulipiwa mwalimu wa piano. Mangwana alifunzwa sauti katika kwaya ya Jeshi la Wokovu kabla ya mwimbaji Tabu Ley kumpokea katika bendi ya African Fiesta mwaka 1963. Anayetaka kuwalinganisha hao wawili, azungumzie kwaya na michango. Februari haikumfundisha mtu kuimba.

Na wale wasio na tarehe kabisa tuwaweke wapi? Mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar alifariki Aprili 2013, akiwa amepewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005, na hakuna karatasi iliyoonyesha siku aliyozaliwa. Tabu Ley mwenyewe huandikwa 1937 hapa na 1940 pale. Wazee wetu wengi wa Walikale wana mwaka wa kukadiria tu kwenye kadi zao za mpiga kura. Nyota gani hiyo inayongoja karani wa serikali ili ijue imwangukie nani?

Najua jibu litakalokuja: tuache kalenda, lakini kuna watoto wanaozaliwa na alama. Watamtaja mwanamuziki Remmy Ongala, jirani yetu, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba alizaliwa tayari ana meno mawili ya mbele, na kwamba kwa agizo la mganga nywele zake hazikukatwa. Sawa. Lakini msimulizi mwaminifu asiishie kwenye meno. Baba yake Remmy alikuwa mpigaji na mchezaji, aliyemlea mwanawe katikati ya ngoma. Alipokua, Remmy alizunguka na bendi za Kongo mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1978 akaitwa Dar es Salaam na mjomba wake, Makassy, mwenye Orchestra Makassy. Baadaye akaongoza Super Matimila na kufika jukwaa la tamasha la WOMAD. Ukihesabu miaka aliyopiga katika bendi za watu kabla ya jina lake kuvuma, meno mawili yanakuwa kitu kidogo sana.

Tena sisi wa Walikale ndio wa mwisho kuruhusiwa kushika imani hii ya kivivu, maana wazee wetu walikwisha kuikataa. Utenzi mkubwa wa Wanyanga, watu wa huku kwetu, ni ule wa Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliusimulia kwa siku 12 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck. Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa Kinyanga, wakauchapisha mwaka 1969, na leo unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali kuliko unavyosomwa hapa. Mwindo ndiye hasa aliyezaliwa nayo: alitoka kwa kidole cha kati cha mama yake, akiwa anasema, anatembea, ameshika fimbo yake ya nguvu. Baba yake alipomtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, aliimba humohumo. Basi utenzi ungeweza kuishia hapo, kwa ushindi wa aliyezaliwa shujaa. Haukuishia. Mwindo alijivuna, akaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, naye Nkuba akampandisha mbinguni kwenye baridi na jua, mpaka akafunzwa adabu. Ndipo akarudi akatawala vizuri. Wanyanga walichukua mtoto mwenye kila kipaji wakasema: huyu naye hajatosha, apelekwe shule.

Na huyo aliyeusimulia aliupataje? Kwa kukaa pembeni ya aliyemtangulia. Msimuliaji wa karisi, yaani utenzi wa namna hiyo, alianza kama msaidizi: kugonga vijiti, kuitikia, kushika wimbo, hadi siku aliyopewa kusimama mwenyewe na kibuyu na njuga. Waliamini kwamba Karisi ni roho pia, inayomtaka mtu aifanye kazi hiyo. Hata hivyo roho haikumpunguzia mtu miaka ya kujifunza.

Mtoto aliyezaliwa kando ya mto Lowa siku ileile ya Franco, na bila shaka alikuwepo, hakuwa na Loningisa wala Bowane. Huenda alikuwa na mzee wa karisi. Mjukuu wake hana hata huyo. Tangu mauaji ya soko la Ntoto, Machi 1993, watu wetu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Na kijana hawezi kukaa miaka kumi pembeni ya mzee ambaye hajui wiki ijayo atalala Pinga, Hombo au kambini Goma. Vita vimekata kamba kati ya fundi na mwanafunzi. Tukisema kwamba Walikale haina wanamuziki wakubwa kwa sababu hawajazaliwa, tunavisamehe vita, tunaisamehe serikali, na tunajisamehe wenyewe.

Sisemi kwamba watoto wote wana sikio moja. Hawana. Wawili wakifundishwa na mtu mmoja, mmoja atatangulia. Lakini tofauti hiyo inaonekana baada ya kufundishwa, na ukihukumu kabla umepiga ramli. Waswahili wa pwani wamemaliza neno hili: ukiona vyaelea, vimeundwa. Halafu imani ya nyota ina hasara nyingine wanayoijua wapigaji wote wa harusi na matanga: kama ni zawadi ya kuzaliwa, basi kwa nini umlipe? Apewe soda, ashukuru Mungu. Fundi seremala hatumwambii hivyo.

Kwa hiyo maneno yangu ni kwa watu watatu. Mapadri na wachungaji: vinanda na magitaa yanayofungiwa kabatini kutoka Jumapili hadi Jumapili yafunguliwe Jumatano na Jumamosi, na mpigaji wa kwaya apewe watoto sita wa kufundisha, pamoja na malipo kidogo. Wafanyabiashara wa Mubi na Njingala: mnajua kulipia libanga ili jina lenu litajwe katika wimbo wa Kinshasa, fedha hiyohiyo inunue gitaa na betri kwa mtoto wa jirani, na jina lenu litatajwa bila kuombwa. Na viongozi wa sekta za Wanianga na Bakano: Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 inazipa sekta zenye machimbo asilimia 15 ya mrahaba, na bati la Bisie linachimbwa kwa mashine tangu mwaka 2019. Tuonyesheni hesabu yake, kisha tengeni sehemu kwa ajili ya walimu wa muziki, na wazee wa karisi waliobaki wawe wa kwanza kuajiriwa. Wazee hao wanakufa kila mwaka. Mtoto atakayekuja kuuliza habari za karisi asikute tumebaki na tarehe za kuzaliwa tu.