Kinanda Gani? Kuuliza si Ujinga

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, anayeuliza huhitaji maneno ya kuulizia. Kijana wa Pumwani anayetazama filamu ya The Pianist (2002) huguswa na piano inayopigwa redioni jijini Warsaw mwaka 1939, mabomu yakianguka. Aulize nini? "Wimbo ule unaitwaje?" Lakini hakuna aliyeimba. "Kinanda gani kile?" Neno kinanda nalo limebebeshwa mzigo: ni ala ya nyuzi, ni piano, ni ala ya kanisani, na hata gramafoni iliitwa kinanda cha santuri. Katika Out of Africa (1985), filamu iliyopigwa nchini Kenya, kinanda hicho cha santuri hutoa utunzi wa Mozart wa mwaka 1791, ulioandikiwa klarineti. Asiyejua humpa sifa John Barry, aliyetunga muziki wa filamu hiyo.

Wapo wanaodai kuwa muziki huo ni wa Wazungu, na Kiswahili hakina haja nao. Dai hilo halina mashiko. Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawaunganisha. Lugha iliyolea mtaa mzima haiwezi kushindwa na piano.

Wengine husema kuwa programu za simu zimemaliza kazi. Ni kweli kwamba programu hizo hulinganisha sauti na rekodi zilizohifadhiwa. Lakini mazungumzo ya wahusika huweza kuzitatiza, na zinapofaulu humpa msikilizaji jina tu, si maarifa.

Waama, mwanafunzi wa Kiswahili anayo nyenzo tayari. Utenzi huutambua kwa vipande vinne vya mizani nane na kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti. Utendi wa Tambuka (1728) hata hutaja aina yake katika jina. Tungo za Chopin nazo hutambuliwa vivyo hivyo. Kile kipande cha redioni ni nokturni, yaani utunzi wa usiku, kilichochapishwa baada ya mtunzi kufariki mwaka 1849. Kile anachopigiwa afisa Mjerumani katika nyumba iliyohamwa ni baladi, ya kwanza kati ya nne, katika ngazi ndogo ya G, kazi nambari 23. Aina, ngazi, nambari: hiyo ndiyo anwani ya utunzi usio na maneno.

Kwa mantiki hiyo, wanafunzi na wahadhiri hawana budi kuketi na wapiga piano, wakubaliane juu ya istilahi chache: utunzi usichanganywe na wimbo, ngazi isichanganywe na sauti, piano isifichwe ndani ya kinanda. Kisha istilahi hizo zitumike katika makala na mihadhara, zisiachwe zioze katika orodha. Hapo kijana wa Pumwani atakapouliza, atajibiwa kwa lugha aliyoulizia.