Bodi Zimuulize Meneja Amemwandaa Nani

Bob Collymore, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya simu ya Kenya, Safaricom, alipofariki Julai 1, 2019, bodi ilimrudisha Michael Joseph, mtangulizi wake aliyeng'atuka 2010, ashikilie kiti kwa muda. Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kupewa wadhifa huo, aliingia Aprili 2020. Miezi tisa hiyo. Safaricom ilikuwa na mzee wa kuitwa. Kampuni nyingi hazina.

Zipo biashara ambazo meneja akilazwa wiki moja tu, mishahara inachelewa, kwa sababu hundi zote husainiwa na yeye peke yake. Mwisho wa mwaka bodi humpima kwa faida na kumpa bonasi. Faida ni muhimu, hatubishi. Lakini mbona haulizwi ni msaidizi gani amewahi kuachiwa tawi, bajeti yake na lawama zake? Semina ya siku mbili hotelini, yenye vyeti na picha ya pamoja, haimpiki kiongozi. Bodi zidai jina la kaimu kwa kila wadhifa mkubwa, na meneja alazimishwe kwenda likizo ya mwezi mzima, simu ya ofisi aiache, ili kaimu huyo aonekane kazini.