"Vumilia" Si Dawa

Nimechoka na neno "vumilia". Mwanamke wa kwetu Kigoma huambiwa hivyo akiwa kwenye uchungu wa kuzaa, huambiwa akiwa kwenye ndoa mbaya, na akifika miaka hamsini mwili ukaanza kuwaka usiku wa baridi, huambiwa tena. Ni umri tu, litapita. Na anayesema mara nyingi ni kijana wa rika langu, mwenye digrii, hodari wa kuandika mtandaoni kuhusu haki za wanawake.

Kila 28 Mei tunaadhimisha Siku ya Hedhi Duniani. Tunachangisha taulo za kike, tunatembelea shule, na mwaka 2019 tulipiga kelele Serikali iliporudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo baada ya kuiondoa mwaka 2018. Vizuri sana. Lakini ipo pia 18 Oktoba, siku ya ukomo wa hedhi, nayo hupita kama siku yoyote ya kwenda kupalilia. Msichana anayeanza tunamjali. Anayemaliza tunampa pole, tukimkumbuka.

Mama yangu ana miaka 51, ni mwalimu wa shule ya msingi Kasulu. Mwezi wa Julai huko watu hulala na blanketi mbili. Yeye hulitupa lake saa nane usiku, hufungua dirisha na kukaa kitandani hadi alfajiri, kisha huenda kusimama mbele ya darasa. Siku hizi husahau majina ya watoto aliowafundisha mwaka mzima, na hilo linamtisha kuliko joto lenyewe. Daktari wa hospitali moja ya mbali alimwandikia homoni baada ya mazungumzo ya dakika chache. Karatasi ya ndani ya boksi ni ya Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Nikamsomea: saratani ya matiti, damu kuganda, kiharusi. Hakuna namba hata moja. Akalifunga boksi, akaliweka kabatini chini ya vitenge. "Mwanangu, nichague joto au saratani?"

Si swali la kijinga. Mwaka 1966 daktari wa Marekani, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichowaahidi wanawake kuwa homoni zitawazuia kuzeeka. Ilipofika 1975, tafiti zikaonesha kwamba estrojeni peke yake huongeza saratani ya mji wa mimba. Ndiyo maana leo mwenye mji wa mimba hupewa pamoja na projestojeni. Kisha Julai 2002 utafiti mkubwa wa huko huko, Women's Health Initiative, ulisimamisha jaribio la dawa hizo mbili kwa wanawake 16,608. Dunia ikasikia kwamba saratani ya matiti imepanda kwa asilimia 26. Wachache walisikia hesabu yenyewe: katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, walioipata walikuwa 38 badala ya 30. Wala hawakusikia kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63. Leo mwongozo wa wataalamu ni kwamba kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka kumi tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa kwa kawaida hapewi. Anayetoka damu isiyojulikana chanzo achunguzwe kwanza.

Mama anafundisha hesabu. Nilipomwandikia 38 na 30 alizielewa haraka kuliko mimi. Bado anaogopa, na nane ni watu, si vitone kwenye grafu. Akikataa, sawa. Ninachogombana nacho ni kwamba aliachwa aamue gizani.

Huniambii kwamba vijijini mambo ya homoni hayaelezeki. Nenda zahanati yoyote ya Kibondo siku ya uzazi wa mpango. Muuguzi ataeleza sindano ya miezi mitatu, kijiti, vidonge, nani asitumie, maudhi gani ayatarajie, lini arudi. Akiona hujaelewa, atarudia kwa Kiha. Na hizo ni homoni! Maneno yapo, subira ipo, na benchi la kukalia lipo. Ila huduma yenyewe inaitwa afya ya uzazi na mtoto, na asiyezaa tena hana mstari kwenye daftari. Tumekuwa tayari kuzungumza homoni na mwanamke kwa miaka thelathini, mradi mazungumzo yahusu mimba.

Mama mkubwa yuko Kibondo, analima maharage na mihogo, hana bima. Jasho lake la usiku limeshanywewa dawa za malaria mara mbili, kipimo kikiwa kimesema hana. Nilimpelekea zile hesabu nilizomwandikia mama, nikamweleza zote tukiwa tumekaa jikoni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa mimi wa huku hicho kidonge nitakipata wapi, kwa shilingi ngapi, na matiti yangu nani atayapima?"