Treni Imekaa Kabatini? Jengeni Mawe!

Wale wa kesi za simu za usiku wa manane nawaomba mnivumilie mwezi huu, foleni yenu nimeiona. Kuna mama ameniandikia kutoka Kisesa, hapo nje kidogo ya Mwanza, na barua yake imekaa mezani kwangu wiki nzima. Nainukuu kwa ufupi:

“Anti, nina mtoto wa kiume wa miaka 11. Baba yake yuko Kahama, simu hapigi. Mwaka jana niliolewa na mwanaume mwingine, mtu mpole, hanywi, kazi yake udereva. Shida ni mtoto. Hamtukani wala hamgomei, ila haongei naye. Tukikaa sebuleni ananiambia mimi: mama, mwambie anko chakula tayari. Na anko mwenyewe kakaa hapohapo! Juzi mume wangu katoka Dar kamletea treni ya betri, na reli zake na mabehewa manne. Mtoto kasema asante, kaiendesha mara tatu, kaifungia kabatini. Mume wangu hakusema kitu, lakini nilimwona uso. Nifanyeje? Waendelee kupishana hivi hivi mpaka mtoto aende sekondari?”

Pole mama. Ile treni mimi siilaumu, na mumeo kafanya jambo la kiungwana. Tatizo la treni ya dukani ni kwamba inakuja imeshamalizika. Unaweka betri, inazunguka, inazunguka tena, basi. Hakuna mahali mtoto anamhitaji mkubwa, wala mkubwa anamhitaji mtoto. Mnachotakiwa kuwatafutia hawa wawili ni kazi ambayo mtu mmoja akiifanya peke yake itamshinda. Na kwa kuwa mnakaa Kisesa, kazi hiyo iko mlangoni kwenu: itoeni treni kabatini, ipigilieni reli juu ya kibao cha plaiwudi, halafu wajenge mawe ya Mwanza pembeni yake.

Najua kuna shangazi hapo anacheka, eti mwanaume mzima na midoli! Kule Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 maonyesho ya treni ndogo yanayoitwa Miniatur Wunderland. Leo watu wanatoka mabara mengine kwenda kuyaona. Wamejenga humo milima ya Uswisi na makorongo ya Marekani, yote ya kutengenezwa. Wazima kabisa hao, na kodi wanalipa.

Ila milima yao msiiige. Ile ya Uswisi ina ncha kali na kuta zilizosimama kama kisu. Ukimwekea mtoto wa Kisesa mlima wa namna hiyo atakwambia tu “mzuri anko”, halafu kabatini tena. Jiwe la Mwanza lina umbo lake, na kabla ya kununua chochote mtume mumeo na kijana Bujora, Jumamosi, kwa miguu. Si mpo jirani na makumbusho ya Wasukuma? Safari hii wasiende kuangalia ngoma na viti vya watemi. Wakaangalie mawe. Wabebe daftari na penseli moja. Nimesema moja, ili wapokezane.

Wataona nini? Mawe ya mviringo, yamebebana, mengine utadhani yataanguka kesho. Watu husema majitu yaliyapanga. Wenye sayansi yao wanasema hiyo ni matale, mwamba uliopoa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ukapata nyufa za kusimama na za kulala, kama keki iliyokatwa vipande. Maji yakaingia kwenye nyufa. Kona ya kipande inaliwa kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, uso upande mmoja tu, kwa hiyo kona ndo zinatangulia kuisha na kipande kinakuwa duara. Udongo ukachukuliwa na mvua, mawe yakabaki yamekaa palepale yalipokuwa. Hakuna aliyeyapanga. Hilo kijana wa miaka 11 akilijua, hatachonga tena jiwe ovyo: atachora kwanza nyufa, halafu atazungusha kona. Na mawe yake yatapangana, maana jiwe la juu na la chini yalikuwa kipande kimoja.

Njiani wapite pia pale wanapopasua kokoto. Jiwe lililovunjwa juzi lina makali, na rangi yake ya ndani ni nyepesi, kijivu kinachoelekea waridi. Lile lililokaa juani miaka yote limepiga weusi na lina madoa ya kijivu na kijani. Ni jiwe lilelile, sura mbili.

Hapo sasa ndipo ubishi utaanza, na ubishi tunautaka. Wanajenga reli ipi? Ile ya zamani iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, yenye upana wa milimita 1,000? Au ile mpya ya kwenda Isaka, kilomita 341, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, yenye upana wa milimita 1,435? Si swali la mapambo. Treni ya mwendo wa polepole inaweza kukunja kona kuzunguka kilima, mawe ya duara yakabaki yanaitazama. Treni ya kasi haitaki kona kali, kwa hiyo mwamba unakatwa na treni inapita katikati ya kuta mbili za jiwe lililopasuliwa. Mumeo ni dereva, kona anazijua. Mwache aongee kuhusu kona, asiongee kuhusu malezi.

Haya, vifaa. Pale Mwanza tafuteni yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya samaki, au ile povu ngumu inayokuja na televisheni. Ya samaki yaoshwe na sabuni mara mbili, yaanikwe, la sivyo treni yenu itanuka sangara mpaka Krismasi. Duka la vifaa vya ujenzi mtapata unga wa jipsamu, muulizie ule wa kufinyangia mikanda ya dari, unaganda haraka. Gundi nyeupe ya mafundi seremala, magazeti ya zamani, karatasi ya fedha ya kufungia chakula, rangi ya maji nyeusi na nyeupe, na unga kidogo wa rangi nyekundu ya sakafu.

Kipimo kisiwatishe. Chukueni rula mpime mlango wa behewa. Mlango wa kweli ni kama mita 2. Kama wa kwenu una sentimita 3, basi kila mita ni sentimita moja na nusu. Jiwe la urefu wa nyumba ya ghorofa moja, mita 6, litakuwa sentimita 9. Hesabu hiyo apewe kijana, na akishapata jibu mumeo asiihakiki mbele yake.

Kwa mawe ya duara, katakateni povu kwa kisu chenye makali, nje ya nyumba, maana punje zake zinaruka kila mahali. Kisu ashike mkubwa, kuchora mstari wa kukata ni kazi ya mtoto. Pangeni vipande, bandikeni kwa gundi, zibeni mapengo kwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi. Kisha korogeni jipsamu: maji kwanza, unga baadaye, mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Mmoja anapaka, mwingine anadonoadonoa na sponji iliyolowa ili uso usiwe laini kama ukuta wa sebule. Mna dakika chache tu kabla haijaganda. Hapa ndo uzuri wa kazi hii, mama: mikono miwili haitoshi. Mtu ataita “leta sponji!” na hatakuwa na muda wa kufikiria anamwita nani.

Kwa ukuta uliokatwa, fanyeni kinyume. Kunjakunjeni karatasi ya fedha, ifungueni bila kuinyoosha sana, ilazeni juu ya mchanga mbichi ndani ya beseni, mmwagie jipsamu. Ikiganda, bandua. Ile mikunjo inatoa sura kali kabisa ya jiwe lililopasuka. Jipsamu inapata joto inapoganda, kwa hiyo mtoto asizamishe mkono wake humo kwa mchezo, inaunguza. Na mabaki yasimwagwe kwenye sinki, utaita fundi bomba.

Kukauka ni siku moja au mbili, inategemea mvua. Na hapa mama nakuomba kitu kigumu. Kijana atakuja jikoni kukwambia: mwambie anko jiwe limekauka. Mjibu, “Yupo hapo nje, mwambie mwenyewe,” halafu endelea na dagaa wako. Usimsukume, usimwangalie kama ametoka au hajatoka. Na lile neno “baba” usilidai, mumeo naye asilidai. Anko ni jina zuri tu, na anaweza akaitwa hivyo hadi mtoto aoe.

Rangi iwe nyepesi kama chai ya rangi. Wanaoanza wanapaka rangi nzito, jiwe linageuka tofali. Anzeni na kijivu cha maji, acheni jipsamu inywe. Kisha wekundu wa sakafu kidogo sana, hapa na pale. Halafu weusi wa maji mengi, wenyewe utateremka kwenye nyufa na kubaki humo. Ukikauka, chovyeni brashi kwenye rangi nyeupe, ifuteni kwenye kitambaa mpaka ionekane haina kitu, mpitishe juu juu kwenye kingo. Ukuta uliokatwa msiupake weusi mwingi, ule bado “mpya”. Msitumie rangi ya mafuta wala ya kupuliza mahali povu lilipo wazi, inaliyeyusha. Wakitaka ziwa, wapake ubao buluu ya kijani na vanishi juu. Kuna meli ya MV Umoja, iliyojengwa na reli ndani kwa ajili ya kubeba mabehewa. Kijana akiipata picha yake nadhani hamtalala. Na yule mjusi wa mawe, mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, ambaye hata jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na Mwanza? Kwa kipimo chenu ni chini ya nusu sentimita. Ncha ya kijiti cha meno, nukta mbili za rangi.

Inawezekana kijana akavunja jiwe makusudi. Wengine hufanya hivyo, kupima kama mtu atakasirika. Mumeo aokote vipande aviweke kwenye bakuli, akivihitaji atavibandika chini ya ukuta kama kokoto. Asitoe hotuba. Kesho yake akoroge jipsamu nyingine, na aikoroge pale kijana anapoweza kumwona.

Mwisho umeuliza kwa mwandiko mdogo kabisa kama huo uchafu wote utakaa sebuleni kwako. Hapana. Kibao cha futi 4 kwa 3 kinaingia chini ya kitanda cha mtoto, mradi mawe yasizidi urefu. Kwa hiyo kabla hawajakata povu lolote, wapime uvungu.