Kikombe cha jioni kisicho na majani ya chai

Juni ikiingia, usiku wa Katumba hubadilika. Mchana jua la Katavi linawaka kama kawaida, lakini likishazama nyuma ya miombo baridi inashuka haraka, na ifikapo saa mbili kila nyumba inatafuta kitu cha moto. Sufuria inabandikwa, majani ya chai yanatiwa, sukari inamiminwa kwa mkono usiopima, na familia nzima inakunywa, kuanzia babu hadi mtoto aliyeachishwa ziwa mwezi uliopita. Saa tano usiku watoto bado wako macho, na mama mjamzito anajigeuza kitandani akilaumu godoro.

Godoro mara nyingi halina kosa. Kikombe cha chai nyeusi kina kafeini ya wastani wa miligramu 40 hadi 50, na kikizidi kukolea kinapita hapo. Kahawa ina karibu mara mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini aliyokunywa huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Maana yake chai ya saa mbili usiku bado inafanya kazi saa saba. Kwa mjamzito, hasa miezi ya mwisho, mwili huitoa polepole zaidi, muda huo ukafika mara mbili au hata mara tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, kwa sababu kiwango hicho kinahusishwa na mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Vikombe sita au saba vya chai iliyokolea vinamfikisha hapo bila yeye kugusa kahawa, na kuna akina mama wanaovimaliza kabla jua halijazama, hasa siku za palizi.

Mtoto mdogo ana shida nyingine, nayo ni kubwa kuliko usingizi. Majani ya chai yana tanini, ambayo hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mboga za majani na nafaka, yakapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Mlo wa nyumba nyingi za Katumba ni ugali wa mahindi au muhogo, maharage na mboga. Nyama ni ya siku maalumu. Chuma cha mlo huo ni kile kile ambacho tanini hukikamata kwa urahisi. Tafiti za kitaifa za afya zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina mchango wao, lakini kikombe cha chai ya rangi kando ya sahani ya maharage nacho kina wake, na hicho ndicho mzazi anaweza kukiondoa leo bila kumwuliza mtu.

Ndiyo maana mada ya wiki hii ni kinywaji. Migahawa ya Dar es Salaam na Arusha siku hizi inauza kitu inachokiita late ya mimea: maziwa ya moto yenye povu, viungo, bila kahawa wala chai. Baadhi hutumia rooibos, majani mekundu ya kichaka kinachostawi kwenye milima ya Cederberg, Afrika Kusini, yasiyo na kafeini kabisa. Bei ya kikombe kimoja huko inanunua maziwa ya familia kwa siku kadhaa. Lakini ukiiangalia vizuri, late hiyo ni maziwa, mmea wenye harufu nzuri na povu. Vyote vitatu viko Katumba.

Isichanganywe tu na Katumba ya Rungwe, kule Mbeya, yenye mashamba ya chai na kiwanda chake. Katumba ya Mpanda, iliyo kwenye Halmashauri ya Nsimbo, ilianzishwa 1973 kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wa wakazi wake na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Mahindi, maharage, muhogo na tumbaku ndiyo mazao yao. Maziwa, ambayo wazee bado huyaita amata, yanapatikana kwa jirani mwenye ng'ombe au kwa muuzaji wa baiskeli mwenye madumu. Asali ya miombo ya mkoa huu, hasa ya upande wa Inyonga, inasafiri hadi miji mikubwa. Na nyuma ya nyumba nyingi, pale maji ya kuogea yanapotokea, kuna shina la mchaichai ambalo hakuna anayekumbuka nani alilipanda.

Mchaichai hauna kafeini hata chembe, ingawa jina lake lina chai ndani. Vivyo hivyo tangawizi, mdalasini na iliki. Kakao inayo kidogo, na chai ya kijani inayo ya kutosha, ingawa maboksi yake hupenda kuiita chai ya mimea. Soda za kola nazo zinayo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wa bodaboda huvinywa kama maji, vina miligramu 80 hivi kwa kopo dogo la mililita 250, na havifai kabisa kwa mtoto.

Sasa jikoni. Kwa vikombe vinne vinatosha vikombe vitatu vya maziwa na kimoja na nusu cha maji. Majani sita au saba mabichi ya mchaichai yanaoshwa vizuri, kwa uangalifu maana kingo zake hukata vidole, kisha yanakunjwa na kufungwa fundo ili yasitawanyike sufuriani. Kipande cha tangawizi cha ukubwa wa pingili ya kidole gumba kinapondwa. Kijiti kifupi cha mdalasini na punje tatu au nne za iliki zilizopasuliwa vinakamilisha.

Vyote hivyo vinaanza kwenye maji, si kwenye maziwa. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa. Ikitiwa kwenye maziwa kabla haijachemka vizuri, maziwa yanakatika na kuwa madonge, na mwenye kupika anaishia kumlaumu muuza maziwa. Ikichemshwa kwanza kwenye maji kwa dakika kumi hivi, sufuria ikiwa imefunikwa, nguvu hiyo inakufa na ladha inabaki. Kifuniko nacho kina kazi yake: harufu ya mchaichai imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka na mvuke, na nyumba ikinukia sana wakati wa kupika ujue kikombe kimepungukiwa.

Maziwa yanachemshwa kwenye sufuria yake mpaka yaumuke, moto upunguzwe, yaendelee kutokota dakika chache zaidi. Hatua hii haina mjadala. Maziwa mabichi ya dumu yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na hakuna kiungo kinachoua vimelea hivyo isipokuwa moto. Maji ya viungo yanachujwa juu ya maziwa, mchanganyiko unaachwa dakika mbili, basi. Anayefikiria kutumia rozela badala ya mchaichai, kwa sababu ya rangi yake nzuri, aache: ile ni chachu, na maziwa yatakatika mbele ya macho yake. Rozela inywewe peke yake.

Povu ndilo linalofanya watoto wakimbilie vikombe, na ndilo rahisi kuliko yote. Mashine ya mgahawani inaingiza hewa na joto kwenye maziwa. Protini za maziwa huishika ile hewa. Upekecho wa mti unaotumika kwenye mlenda unafanya kazi ile ile ukizungushwa kwa viganja dakika moja ndani ya sufuria iliyoinamishwa kidogo. Lakini uwe umeoshwa vizuri, la sivyo late itanukia bamia. Asiye na upekecho anamimina kutoka jagi moja hadi jingine kwa kuinua mkono juu, kama wauza chai wa stendi, watoto wakiwa mbali.

Asali inatiwa mwisho, kinywaji kikishapoa kiasi cha kunyweka, ili harufu yake isipotee. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kinatosha. Asali ni nzuri, ila mwilini huhesabiwa kama sukari nyingine yoyote, na meno ya mtoto hayatofautishi ya Inyonga na ya dukani. Na kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asali hapewi hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wake mchanga, sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahusiki na kikombe hiki wala na kingine. Maziwa ya mama yanamtosha, maji hayahitaji. Kuanzia miezi sita hadi mwaka ni ziwa la mama na vyakula vya nyongeza, bila chai. Baada ya mwaka anaweza kupata nusu kikombe, tangawizi ikiwa kidogo. Bibi atasema, "Mjukuu wangu, sisi tuliwalea kwa chai na mmekua." Mama kijana hana haja ya kubishana. Anaweza kumpa bibi kikombe cha kwanza, chenye povu zaidi. Wazee wengi wenye kiungulia na usingizi mwepesi ndio hukipenda mapema.

Wapo watu wazima ambao maziwa matamu hayawakati kiu ya uchungu wa kahawa. Kwao kuna soya. Inachaguliwa, inaoshwa, inakaushwa juani, kisha inakaangwa kwa moto mdogo ikigeuzwa bila kuachwa mpaka iwe kahawia iliyoiva hadi ndani. Inasagwa, na kijiko kikubwa kimoja kinachemshwa kwa kila kikombe kabla ya kuongeza maziwa. Haina kafeini, ina rangi na uchungu unaokaribia kahawa. Soya iliyoiva nusu husumbua tumbo, kwa hiyo haraka haifai.

Anayekunywa chai nyingi kila siku asikate kwa mkupuo. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa ghafla hulipiza kwa kichwa kuuma, uchovu na hasira, kwa kawaida kuanzia kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Akina baba wengi wamejaribu kuacha chai siku ya Jumatatu na kurudi Jumanne wakisema wana malaria. Njia nyepesi ni kuanza na kikombe cha usiku, wiki inayofuata kile cha alasiri. Cha asubuhi kinaweza kubaki kwa mtu mzima asiye mjamzito, na hakuna wa kumlaumu.

Kuna jambo moja ambalo wapenzi wa vinywaji vya mimea hawapendi kulisikia. Kutokuwa na kafeini hakumaanishi kinywaji hakigusi chuma. Mimea mingi, mnanaa ukiwemo, ina viambato vinavyofanana na tanini, na kalisi ya maziwa nayo huzuia chuma kiasi. Kwa hiyo late hii si ya kuteremshia ugali na maharage. Inyweke saa moja au mbili baada ya chakula. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki havimezwi kwa maziwa wala kwa chai ya aina yoyote. Vimezwe kwa maji, na vikifuatiwa na chungwa au embe vinafyonzwa vizuri zaidi. Mjamzito asizidishe mchaichai: kikombe kimoja jioni ni kinywaji, lakini sufuria nzima iliyochemshwa ikakolea ni dawa ambayo hakuna aliyempimia. Mwenye maumivu au damu kutoka aende kwa mkunga, si jikoni.

Na mchaichai hautibu homa. Kwa muda mrefu umechemshwa Katavi na kwingineko kwa ajili ya kujifukiza na kunywa, na unafariji koo na kifua. Ila malaria bado ipo mkoani, na mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye joto kali anatakiwa kupimwa zahanati ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Akisharudi na dawa yake, ndipo apewe kikombe.

Nyumba isiyo na shina la mchaichai haihitaji kununua. Jirani akiombwa anang'oa vichipukizi viwili vyenye mizizi, majani yake yanapunguzwa hadi urefu wa shubiri, na vinapandwa penye maji. Mvua za Novemba ndizo bora, lakini hata sasa Juni vitashika vikimwagiliwa maji yaliyosuzia vyombo. Baada ya miezi mitatu au minne vinaanza kukatwa, majani ya nje kwanza.