Seva zinapohama: kwa nini usitupe stakabadhi yako

Umefika ofisi ya ushirika kuulizia malipo ya mazao, au dirisha la hospitali kuulizia vipimo vyako, na karani anakwambia: "Mfumo uko chini, tunahamisha seva." Jibu hilo linakera, lakini mara nyingi ni la kweli. Tangu mwishoni mwa 2023, taasisi nyingi duniani zimelazimika kufikiria kuhama. Makala haya yanaeleza kinachohamishwa, kinachoweza kupotea njiani, na unachoweza kufanya wewe mwenye taarifa zako.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Seva ni kompyuta yenye nguvu inayohifadhi kumbukumbu za watu wengi. Siku hizi seva moja haifanyi kazi moja. Programu maalumu huigawa kama nyumba ya kupangisha: chumba kimoja kina mfumo wa mishahara, kingine daftari la wanachama, kingine mfumo wa stoo. Kila chumba hujiona ni kompyuta kamili. Wataalamu wa TEHAMA huiita mashine pepe.

Diski ya mashine pepe si kifaa cha kushika mkononi. Ni faili tu, kubwa sana, na ndani yake mna kila kitu: Windows au Linux, programu ya hesabu, majina na salio la kila mtu. Tatizo ni kwamba kila mwenye nyumba ana aina yake ya faili. VMware hutumia VMDK, Hyper-V ya Microsoft hutumia VHDX, VirtualBox ya Oracle hutumia VDI, na Proxmox, programu huria inayotengenezwa Austria, hutumia zaidi qcow2 au diski ghafi. Ukitaka kuhama, lazima faili libadilishwe aina.

Nini kimewafanya watu wahame?

Kwa miaka mingi VMware ndiyo iliyotawala kazi hii. Mei 2022 kampuni ya Marekani ya Broadcom ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 61, na Novemba 2023 ununuzi ukakamilika. Mwezi uliofuata iliacha kuuza leseni za kudumu, zile unazolipia mara moja. Sasa mteja analipa kwa kipindi, na kikiisha analipa tena. Februari 2024 toleo la bure la seva nalo liliondolewa. Lilirudishwa Aprili 2025, wakati wengi walikuwa wameshaanza kuhama.

Wakubwa nao walilalamika. Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, iliyosema ina mashine pepe zipatazo 75,000 kwenye seva 8,600 hivi, ilifungua kesi Agosti 2024. Mwaka huohuo pande mbili zikapatana. Kama kampuni ya ukubwa huo ilibanwa kwa sababu haiwezi kuhama kwa siku moja, chama kidogo chenye seva moja kina nguvu gani mezani? Kodi ikipanda, mpangaji anayejua njia ya kutoka ndiye anayesikilizwa.

Kubadilisha faili ni rahisi, kuliamsha ni kazi

Chombo kinachotumika sana kubadilisha faili hizi, qemu-img, ni cha bure. Fundi huandika amri ya mstari mmoja, anasubiri, faili jipya linatoka. Tangu Machi 2024 Proxmox nayo ina njia ya kuvuta mashine moja kwa moja kutoka kwenye seva za VMware.

Ugumu unaanza faili jipya linapowashwa. Windows iliyozoea aina moja ya diski inaweza kugoma na kuonyesha skrini ya buluu, kwa sababu haina programu ndogo ya kuitambua diski mpya. Fundi makini huiweka programu hiyo kabla ya kuhama. Kadi ya mtandao nayo hubadilika, hivyo mfumo unaweza kuamka salama lakini makarani wasiuone kwenye kompyuta zao.

Kuna pia mifumo iliyojengwa kwenye kompyuta ndogo ya fundi, kisha ikapelekwa kwenye seva. VMware ya mezani huweza kugawa diski moja katika vipande vya GB 2 kila kimoja. Kipande kimoja kikisahaulika, diski haifunguki. Na hata vikikamilika, seva ya VMware yenyewe haiendeshi diski ya mezani mpaka igeuzwe kwanza, ingawa zote mbili zinaitwa VMDK.

Hatari kubwa ni ile isiyopiga kelele. Kabla ya kufanya marekebisho, mafundi huweka alama ya kurudia. Kuanzia hapo, faili la msingi haliguswi tena, na kila kinachoandikwa huenda kwenye faili la pembeni. Alama ikisahaulika miezi minne, kisha fundi akabadilisha faili la msingi peke yake, mfumo mpya utaamka vizuri kabisa, ila utaonyesha salio la miezi minne iliyopita. Malipo yaliyoingia baadaye hayamo.

Kuna na suala la muda. Diski ya GB 500 kwenye waya wa ofisini wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa moja. Kwa intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 55. Muda huo mashine inatakiwa izimwe. Karani akiendelea kuingiza kilo za mazao kwenye mfumo wa zamani wakati nakala imeshachukuliwa, kilo hizo hazitaonekana kwenye mfumo mpya.

Nakala ya zamani iko wapi?

Baada ya kuhama, faili la zamani hubaki mahali fulani: kwenye diski ya nje, au kwenye kompyuta ya fundi. Kulitunza kwa muda ni busara, maana ndiyo njia ya kurudi mambo yakiharibika. Lakini faili hilo ni daftari zima la wanachama, na lisipofungwa kwa nywila, anayelishika anaweza kulisoma. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde.

Ufanye nini?

Tunza stakabadhi ya karatasi na ujumbe wa malipo kwenye simu, hasa ukisikia mfumo unahamishwa. Mfumo ukirudi, linganisha salio lako na karatasi yako mapema, kabla nakala ya zamani haijafutwa.

Na kwenye mkutano mkuu, mwanachama ana haki ya kuuliza maswali manne. Uhamisho ulijaribiwa kabla? Nani alilinganisha jumla ya salio la zamani na jipya? Nakala ya zamani anayo nani, na itafutwa lini? Na leseni ikipanda bei mwakani, tunaweza kuhama tena?