Drama wa studio anaweza kupiga nyimbo za Kipsigis?

Kila nikisema anaweza, mtu wa Bomet ananiuliza, "Kwani amezaliwa wapi?" Swali si hilo, buda. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana pale Kapkatet wakimwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani wa kantri aliyekufa 1933. Walimsikia kwa santuri tu, wakamwita Chemirocha, wakamwimba kwa chepkong. Hawakumwiga hata kidogo. Walimleta nyumbani.

Kwa hivyo huyo fundi aje. Lakini azime ile metronomu masikioni. Wimbo unapumua na mwimbaji, sasa ukimlazimisha afuate mashine (na maprodyuza wetu wanapenda sana hiyo), unabaki na tangazo la redio. Akae kwanza wiki nzima kando ya mzee wa chepkong bila kugusa vijiti, halafu aniite nimsikize.